Florence Nightingale: Nesi aliyepanga vifo kwa makundi

Kila 12 Mei, wauguzi wa Kenya husherehekea siku yao pamoja na wenzao kote duniani. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale. Wengi wetu tunamjua kama yule mama wa taa, anazunguka wodi usiku akiangalia wagonjwa. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya stori. Huyu mama alikuwa moto kwa hesabu, na kama unajifunza programu ya R saa hii, ana jambo la kukufunza.

Alizaliwa 1820 mjini Florence, Italia, ndio maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, na babake alimsomesha nyumbani. Aliposema anataka kuwa nesi, familia ilikataa katakata. Enzi hizo, hiyo haikuwa kazi ya binti wa tajiri. Alingoja miaka, na 1851 akaenda kujifunza Ujerumani.

Novemba 1854, wakati wa vita vya Crimea, alifika Scutari, Uturuki, na wauguzi 38. Hospitali ilikuwa imefurika wanajeshi, uchafu kila mahali, mitaro ya maji taka imeziba. Januari 1855 pekee, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 2,761 kwa maradhi, 83 kwa majeraha na 324 kwa sababu nyingine. Hebu soma tena. Adui mkubwa hakuwa na bunduki.

Machi mwaka huo, tume ya usafi ilitumwa kutoka Uingereza. Mitaro ikazibuliwa, hewa ikaingia, vifo vikashuka.

Vita vilipoisha 1856, Florence alirudi nyumbani akiwa staa. Angekaa tu ale sifa. Badala yake alijifungia na rekodi, akisaidiana na mtaalamu wa takwimu William Farr. Kila kifo kiliingia kundi moja kati ya matatu: maradhi yanayozuilika, majeraha, au mengineyo. Hizo ndizo data za makundi: jibu lake si namba, ni jina. Namba huja ukishahesabu. Na hesabu hiyo iliuma, manake Scutari, hospitali aliyoisimamia mwenyewe, ilikuwa kati ya zilizozika watu wengi zaidi. Hakuficha. Mwaka wa 1858 alichora mchoro wa duara uliogawanywa kwa miezi: maradhi buluu, majeraha nyekundu, mengineyo nyeusi. Hata mbunge asiyependa namba aliona ile buluu imemeza kila kitu.

Sasa twende kwa R. Ukiipa safu ya maneno uigeuze kuwa makundi kwa amri ya factor, itayapanga kwa alfabeti. Majeraha yatatangulia maradhi, eti kwa sababu j huja kabla ya r! Usipotaja mpangilio wako kwenye levels, kompyuta itakuchagulia. Tena, ukiandika “maradhi” hapa na “Maradhi” pale, R itahesabu makundi mawili. Florence alipambana na shida kama hiyo: hospitali ziliita ugonjwa mmoja majina tofauti. Ndio maana 1860 alipendekeza fomu moja ya kuhesabia wagonjwa katika hospitali zote.

Mwaka huo huo shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Tayari 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu wa Uingereza. Haya mengi aliyafanya akiwa mgonjwa, akiandika kitandani miaka nenda miaka rudi. Alifariki 1910 akiwa na miaka 90.

Data zake bado ziko kwa R, katika kifurushi cha HistData, kwa jina Nightingale. Zifungue jioni moja ujaribu kuchora. Lakini kumbuka, kila moja katika zile 2,761 ni kijana wa watu ambaye hakurudi nyumbani.