Historia: Alessandro Volta, aliyeweka umeme juu ya meza ya labo

Kaskazini mwa Kilwa, karibu na ziwa Moero katika jimbo la Haut-Katanga, mgodi wa Dikulushi umetoa shaba pamoja na feza. Kule Kipushi, karibu na Lubumbashi, kunatoka zinki. Madini haya ndiyo Alessandro Volta alitumia, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kutengeneza chombo cha kwanza cha kutoa umeme unaoendelea kupita kwenye waya. Kifaa cha labo ambacho leo mwalimu wa fizikia anakipanga kwa kitufe au kwa kompyuta kitoe volti 5, kisha 12, kinafuata njia hiyo.

Volta alizaliwa tarehe 18 mwezi wa pili 1745 mjini Como, inchi ya Italia. Wazazi walihangaika, maana alichelewa kusema hadi karibu miaka minne. Kunako 1776 alikusanya gesi kwenye matope ya ziwa Maggiore: ni metani, ileile iliyo ndani ya ziwa Kivu. Halafu akafundisha fizikia katika chuo kikuu cha Pavia.

Wakati ule umeme ulikuwa cheche tu. Waliukusanya kwa kusugua, ukatoka mara moja, ukaisha. Kuupima kwa utulivu ilikuwa shida.

Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa inatikisika ikiguswa na vyuma viwili, kwa sababu ndani ya mnyama kuna umeme. Volta alikubali kwanza, kisha akageuka: umeme unaletwa na vyuma viwili visivyofanana, chura anauonyesha tu. Ubishi ukachukua miaka. Ili kushinda, ilibidi atoe umeme bila chura.

Akapanga vipande vya duara: feza au shaba, zinki, kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, kisha tena vilevile, hadi juu. Jozi moja inatoa karibu volti 1 tu. Ukitaka zaidi, unaongeza jozi. Alijipima mwenyewe: alitia ncha za waya masikioni, akapata mshituko kichwani na sauti kama ya uji unaochemka. Mwanafunzi asijaribu.

Siku hizo Waaustria walikuwa wamefunga chuo cha Pavia, na Volta hakuwa na kazi. Tarehe 20 mwezi wa tatu 1800 alimwandikia Joseph Banks, London. Kwa sababu ya vita, barua ilitumwa vipande viwili. Kwa kusoma kile cha kwanza tu, Nicholson na Carlisle walijenga chombo chao, wakatenganisha maji kuwa gesi mbili.

Chombo kilikuwa na kasoro: vitambaa vilikauka, nguvu ikashuka. Na Volta alikosea jambo moja kubwa. Alifikiri kugusana kwa vyuma kunatosha, kumbe kazi inafanywa na kemia, zinki ikiliwa polepole.

Mwaka 1801 Napoleon alimpa medali ya dhahabu mjini Paris. Volta alifariki tarehe 5 mwezi wa tatu 1827. Mwaka 1881, mkutano wa wataalamu huko Paris ulikubali volti kuwa kipimo. Mwaka 1899, Como ilipofanya maonyesho ya miaka 100 ya chombo chake, moto uliteketeza vyombo vyake vingi.