Beryl Markham na injini iliyozimika juu ya bahari

Anayepita leo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kutoka Kariokor hadi Eastleigh, haoni ila majumba, maduka, misikiti na matatu zinazogombania abiria. Ni taabu kusadiki kwamba upande huo huo, tangu mwaka 1904 hadi 1954, ndiko kulikokuwa na kiwanja cha mashindano ya farasi. Walowezi wa Kizungu walimiminika hapo na fedha zao za kamari, na karibu yao, katika kijiji cha Pumwani, waliishi Waislamu wengi, wakiwemo watu wa Pwani waliokwenda bara kutafuta riziki. Katika kiwanja hicho ndipo jina la Beryl Markham lilipoanza kuvuma, kabla dunia haijamjua kwa safari ya eropleni iliyoishia topeni.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoletwa Kenya na wazazi wake, na baba yake, Charles Clutterbuck, akafungua shamba huko Njoro. Mama hakuistahimili nchi, akarudi kwao. Binti akabaki na baba, na farasi, na watoto wa Kiafrika waliokuwa ndio wenzake wa kucheza na kuwinda. Kiswahili alikijua tangu udogoni. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Kibii, aliyekuja kujulikana kwa jina la arap Ruta.

Baba alipofilisika akaenda zake Peru. Beryl hakumfuata. Alikuwa na umri wa miaka kama 18 tu alipopata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelipata kabla yake nchini Kenya. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mbio za St. Leger hapo Nairobi, ingawa miguu yake ilikuwa na kasoro na wengi hawakumtazamia kumaliza mbio. Mfunzaji alikuwa amejua jambo moja: mnyama mwenye miguu mibovu hushinda kwa kutunziwa nguvu zake hadi dakika ya mwisho. Jambo hilo hilo lilikuja kumhusu yeye mwenyewe, mbali sana na Nairobi.

Mwaka 1931 alijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, rubani hodari wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi. Mwaka huo huo akaonja uchungu wa kazi hiyo. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, alimwalika waruke pamoja hadi Voi kutafuta ndovu kutoka angani. Tom alimsihi Beryl asiende siku ile, naye akakubali kungoja. Tarehe 14 Mei, 1931, eropleni ya Finch Hatton ilianguka mara tu baada ya kuruka Voi, ikateketea. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake Kamau, ambaye hatajwi mara nyingi hadithi hii inaposimuliwa.

Beryl hakuacha. Aliruka peke yake hadi Uingereza mwaka 1932, akapata leseni ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo, akawa akipeleka barua, dawa na wagonjwa mahali pasipo barabara. Usiku mmoja alipeleka mtungi wa oksijeni hadi Nungwe, Tanganyika, kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mahututi. Arap Ruta, aliyekuwa akimsaidia kutunza farasi, sasa akawa akimsaidia kutunza eropleni.

Ndipo ikaja safari kubwa. John Carberry, mlowezi tajiri, alimwazima eropleni mpya aina ya Vega Gull yenye injini moja. Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, Beryl akaruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Wanabahari watafahamu ugumu wake: kuvuka Atlantiki kwenda magharibi ni kwenda kinyume cha upepo, kama nahodha wa jahazi anayetaka kwenda Uarabuni wakati wa kaskazi. Upepo hukinza, na petroli huzidi kuliwa.

Petroli yenyewe ilikuwa katika matangi kadhaa, na kila tangi na bilula yake. Kanuni ilikuwa kuacha tangi moja likauke kabisa ndipo lifunguliwe jingine. Katikati ya usiku, ndani ya mvua na giza, injini ikazimika. Beryl akapapasa kutafuta bilula huku eropleni ikishuka kuelekea mawimbi. Ilibaki kama futi 300 tu kutoka majini injini ilipopata petroli na kunguruma tena.

Asubuhi aliiona nchi kavu, akadhani taabu imekwisha. Lakini injini ikaanza kukohoa, ikazima, ikawaka, ikazima tena. Petroli ilikuwamo katika tangi la mwisho, ila tundu la kupitishia hewa lilikuwa limezibwa na barafu. Hewa isipoingia, petroli haitoki, kama vile mafuta yanavyogoma kutoka katika debe lililotobolewa tundu moja tu. Akaitunza nguvu iliyobaki kama alivyotunza miguu ya Wise Child, akatafuta mahali pa kutua. Mahali palipoonekana kama uwanja palikuwa kinamasi. Magurudumu yakazama, eropleni ikachomeka pua topeni, naye akapasuka kichwa. Alikuwa amefika Baleine, Cape Breton, nchini Kanada, baada ya zaidi ya saa 21 angani.

New York hakufika kwa eropleni ile. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na Wamarekani walimpokea kwa shangwe. Shangwe hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa Liverpool. Hakuwa angani wala injini yake haikuzimika. Alikuwa ardhini, na eropleni nyingine iliyokuwa ikitua ikamgonga. Habari ilimfikia Beryl akiwa njiani kurudi Uingereza.

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, West with the Night, kikasahaulika upesi. Alirejea Kenya, akafunza farasi tena na kushinda, kisha umaskini wa uzeeni ukamkuta katika nyumba ndogo kando ya kiwanja kipya cha mbio, Ngong Road. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983, kikapata wasomaji wengi, na jina lake likafufuka. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Injini ilimzimikia mara mbili, naye akaishi miaka 50 zaidi. Finch Hatton alikuwa ndiyo kwanza ameruka, na Tom hakuwa ameacha ardhi. Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa aliyejua kutunza nguvu zilizobaki, siku yake ilikuwa bado.