Rudolf Diesel na Injini Yake

Umewahi kusikia mlio wa mashine ya kusaga nafaka? Injini nyingi za mashine hizo hutumia dizeli. Jina hilo limetokana na jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita vilipozuka mwaka 1870, walilazimika kuhama. Rudolf alisoma kwa bidii, akawa mhandisi.

Alitaka injini isiyohitaji cheche ya plagi. Alijua kwamba hewa ikibanwa sana huwa ya moto. Mafuta yakiingizwa humo, huwaka yenyewe. Lakini kuyaingiza ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1893, mjini Augsburg, mlipuko ndani ya injini ya kwanza ulivunja kipimo chake. Mwaka 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja tu. Diesel hakukata tamaa. Aliyapuliza mafuta ndani kwa hewa yenye nguvu. Mwaka 1897 injini ikafanya kazi vizuri.

Alipata mali nyingi, kisha akaingia katika madeni. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka melini, akisafiri kwenda Uingereza. Maiti yake ilionekana baharini baadaye.

Hata leo mafundi hupambana na shida ile ile. Injini yako ikikataa kuwaka, fuata kwanza njia ya mafuta. Je, tangi lina mafuta? Chujio limeziba? Maji yamechanganyika na mafuta? Hewa imeingia katika bomba? Mara nyingi kasoro iko hapo.