Carl Einstein, mutu aliyeona akili mu sanamu za bankambo wetu

Kila mutu wa mugodi anajua jambo hili. Mugeni anaweza kukuta jiwe lenye rangi ya majani na kulipiga teke tu. Lakini mutu aliyezoea kazi anasimama, analiokota, analigeuza huku na huku, na mara moja anajua kama ndani kuko mukuba. Jiwe ni lile lile. Macho njo hayafanani.

Leo tunawaelezea maisha ya mutu mumoja wa Ulaya aliyekuwa na macho ya namna hiyo, lakini si juu ya mawe. Alikuwa muhakiki wa sanaa: kazi yake ilikuwa kuangalia picha na sanamu, kisha kuandika mu magazeti na mu vitabu kwa nini hii iko na uzito na ile haina kitu. Jina lake Carl Einstein. Musimuchanganye na Albert Einstein, yule wa sayansi. Wote wawili walikuwa Wayahudi wa Ujerumani, wa wakati mumoja, lakini kila mumoja alikuwa na njia yake.

Carl alizaliwa tarehe 26 mwezi wa nne 1885 ku Neuwied, kando ya muto Rhine, akakomaa ku muji wa Karlsruhe. Baba yake, mwalimu wa jamaa ya Wayahudi, alikufa wakati mutoto alikuwa angali mudogo. Walimuweka ajifunze kazi ya banki, lakini kuhesabu feza za watu hakukumushika roho. Mwaka 1904 alienda Berlin kusoma filozofia na historia ya sanaa. Diplome hakupata. Lakini alianza kutembelea Paris, na kule alijuana na wachoraji vijana sawa Picasso na Braque, wale waliokuwa wanavunja namna ya zamani ya kuchora.

Wakati ule, sanamu za Afrika zilikuwa zinarundikwa mu makabati ya vioo ya museo za Ulaya, pamoja na mikuki na vikapu, sawa vitu vya watu wasiokuwa na akili. Wachoraji wamoja walianza kuzinunua na kujifunza mambo kwazo. Lakini wenye kuandika vitabu vya sanaa walinyamaza.

Carl Einstein hakunyamaza. Mwaka 1915, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, alitosha buku ndogo yenye picha zaidi ya 100 za sanamu. Neno lake lilikuwa wazi: fundi wa Afrika si mutu aliyeshindwa kuchonga sawa Muzungu. Ni mutu aliyejua kabisa kile alichokuwa anafanya. Wachongaji wengi wa Ulaya walichonga sawa wanachora picha, wakifikiri mutu atasimama fasi moja ya mbele na kuangalia. Fundi wa Afrika alishika uzito wote wa muti, mbele, nyuma na pembeni, akaufanya kuwa kitu kimoja. Angalia kiti cha chifu wa Baluba, kile chenye mwanamuke amebeba kikalio juu ya kichwa. Zunguka pande zote. Utaelewa mbio kuliko maprofesa wa Berlin.

Lakini buku ile ilikuwa na kilema. Chini ya picha hakukuwa hata neno moja: hapana jina la kabila, hapana jina la kijiji. Sanamu zingine hazikutoka hata Afrika, zilitoka visiwa vya mbali vya Pasifiki. Einstein aliwapa mafundi heshima, lakini hakujua walikuwa nani. Na Afrika yenyewe hakufika.

Kisha vita ilimupeleka karibu na sisi kwa njia ya ajabu. Aliumizwa sawa askari, na nyuma wakamutuma Bruxelles, mu ofisi ya Wajerumani waliokuwa wamekamata Ubelgiji, upande wa mambo ya koloni. Hapo alipata kusoma na kuona vitu vya Kongo vilivyowekwa ku museo ya Tervuren, vitu vilivyotolewa kwetu wakati wa Leopold II na nyuma yake. Mu buku yake ya pili juu ya sanamu za Afrika, ya mwaka 1921, alianza kutaja makabila na inchi. Kilema cha kwanza alijaribu kukitengeneza.

Mwaka 1926 alitosha buku kubwa juu ya sanaa ya karne ya 20, na jina lake likajulikana sana Ujerumani. Lakini feza na sifa hazikumufunga. Mwaka 1928 alihamia Paris, na kule alisaidia kuanzisha gazeti lililoitwa Documents, mwenye sanamu za Afrika ziliwekwa pamoja na picha za Picasso. Mwaka 1933 Hitler akakamata utawala. Inchi yake haikuwa tena fasi ya kurudia. Picha za wachoraji aliowasifu zilitolewa ku museo, na mwaka 1937 Wanazi wakazionyesha ku Munich juu watu wazicheke.

Yeye hakubaki na kalamu tu. Mwaka 1936, akiwa na miaka 51, alienda Spain kupigana na majeshi ya Franco, mu kikundi cha wafanyakazi cha Durruti. Durruti alipouawa, Einstein njo alisema ku radio ya Barcelona kwa kumulilia. Vita ile walishindwa, akarudi Ufaransa. Mwaka 1940 Wafaransa wakamufunga mu kambi sawa Mujerumani, kisha wakamuachia wakati jeshi la Hitler lilikuwa linakuja. Alikimbia mpaka karibu na milima ya Pyrenees. Nyuma kulikuwa Hitler, mbele kulikuwa Franco. Tarehe 5 mwezi wa saba alijitupa mu muto Gave de Pau. Alikuwa na miaka 55.

Kazi aliyoianza wengine waliiendesha. Mu miaka ya 1930, mwalimu wa Ubelgiji Frans Olbrechts alilinganisha viti na sanamu za kaskazini ya Katanga, akaona kama kazi zingine zilitoka mu mukono mumoja. Mutu yule wakamuita Fundi wa Buli, na Buli ni jina la kijiji. Hapo tena jina la mutu lilikosekana.

Jina lile Muzungu hawezi kutupatia. Kama nyumbani kwenu kungali kiti, fimbo ao kinyago cha zamani, muulize wazee leo ni nani alikichonga, na muliandike jina lile mbele wao pia hawajaenda.