Kim Yong-sik: Aliibwaga Sweden na Japani, akala 12 na Korea

Wapo wachezaji waliowahi kuzifunga timu kubwa, na wapo waliowahi kuchapwa mabao ya aibu. Kim Yong-sik aliyapata yote mawili, tena kwenye Olimpiki, tena dhidi ya timu ileile ya Sweden. Mara ya kwanza alikuwa amevaa jezi ya nchi isiyo yake na akashinda. Mara ya pili alivaa jezi ya nchi yake mwenyewe, akala 12.

Kwa Wakorea huyu ndiye baba wa soka lao. Na klabu ya kwanza ya kulipwa nchini humo, Hallelujah, ilipotafuta kocha wa kuanza naye, ilimfuata yeye, akiwa mzee wa miaka 70.

Kim alizaliwa Julai 25, 1910 huko Sincheon, mkoa wa Hwanghae, eneo ambalo leo liko Korea Kaskazini. Baba yake, Kim Ik-du, alikuwa mchungaji na mhubiri aliyejulikana Korea nzima. Mtoto hakuwa amefikisha hata miezi miwili, Agosti mwaka huohuo, Japani ikaitwaa Korea na kuifanya koloni lake. Kwa hiyo tangu anajifunza kutembea hadi anakuwa staa, Kim hakuwahi kuwa na timu ya taifa lake ya kuichezea.

Kilichokuwepo ni klabu. Mwaka 1929 lilianza pambano la Seoul na Pyongyang, watani wa jadi ambao mechi yao ilikuwa inajaza watu kuliko kitu chochote. Kim alikuwa kiungo, na miguu yake ilikuwa na adabu: anapokea, anatuliza, anatoa pasi inayofika. Wakati wengi walikuwa wanategemea mbio na mabavu, yeye alikuwa anakaa na mpira peke yake akirudia jambo moja hadi liingie kwenye damu.

Mwaka 1935 klabu ya Seoul, Kyungsung, ilikwenda Tokyo kwenye michuano ya ubingwa wa Japani nzima. Wajapani walidhani wamealika wasindikizaji. Kyungsung ikatinga fainali na kuichakaza timu ya Chuo Kikuu cha Bunri cha Tokyo mabao 6-1, kombe likavuka bahari kwenda Korea. Hakuna timu nyingine ya Korea iliyowahi kufanya hivyo.

Mwaka uliofuata kulikuwa na Olimpiki ya Berlin. Kwa hesabu za kawaida, klabu bingwa ndiyo ingetoa wachezaji wengi. Haikuwa hivyo. Wakorea walioitwa kwenye kikosi cha awali walikuwa wawili tu, Kim Yong-sik na Kim Yeong-geun. Nyumbani watu waliwaka. Kim Yeong-geun akajitoa. Akabaki Kim Yong-sik peke yake na uamuzi mgumu. Akienda, anaipa nguvu bendera ya mkoloni. Akikataa, hakuna Mkorea atakayecheza soka kwenye mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kuyasogelea.

Alikwenda.

Agosti 4, 1936 Japani ilikutana na Sweden. Hadi mapumziko Sweden ilikuwa mbele 2-0 na wengi walishaona mechi imekwisha. Kipindi cha pili mambo yakageuka. Taizo Kawamoto akafunga la kwanza, Tokutaro Ukon akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika tano Akira Matsunaga akatupia la tatu. Ikaisha 3-2. Hadi leo Japani wanaiita mechi hiyo muujiza wa Berlin. Katikati ya uwanja, dakika zote, alikuwepo Mkorea mmoja.

Siku tatu baadaye Italia ikawarudisha duniani kwa kipigo cha 8-0 na kwenda kutwaa dhahabu. Agosti 9, Mkorea mwingine, Sohn Kee-chung, akashinda mbio za marathoni akiwa na bendera ya Japani kifuani. Gazeti la Dong-A la Seoul lilichapisha picha yake likiwa limeifuta ile bendera, na likafungiwa. Huo ndio ulikuwa wakati wa akina Kim: ukishinda, ushindi unaandikwa kwa jina la mwingine.

Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha mwaka 1945, Korea ikawa huru lakini imekatwa vipande viwili. Mwaka 1946 Seoul na Pyongyang wakacheza pambano lao la mwisho. Baada ya hapo mpaka ukafungwa na watani wakapotezana.

Mwaka 1948 ikaja Olimpiki ya London. Korea ilikwenda chini ya jina lake na bendera yake, wiki chache kabla hata Jamhuri ya Korea haijatangazwa rasmi Agosti 15. Safari ilikuwa balaa: meli, treni, meli tena hadi Hong Kong, halafu ndege, jumla yake kama wiki tatu. Kwenye kikosi alikuwemo Kim Yong-sik, umri miaka 38. Wenzake wa rika lake walishatundika daluga zamani. Yeye alikuwa amesubiri jezi hii tangu azaliwe.

Agosti 2 Korea iliitandika Mexico 5-3. Kwa taifa changa lililotoka kwenye ukoloni, huo ulikuwa ushindi wa kukesha. Siku tatu baadaye wakapangiwa Sweden, na Sweden hii haikuwa ile ya Berlin. Ilikuwa na Gunnar Nordahl, Gunnar Gren na Nils Liedholm, watatu ambao baadaye walitikisa Italia wakiwa na AC Milan. Ikaisha 12-0. Kipa Hong Deok-young aliokota mpira nyavuni hadi akachoka. Hicho bado ndicho kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya timu ya taifa ya Korea Kusini. Sweden ikatwaa dhahabu.

Baada ya hapo Kim akahamia upande wa ukocha, na kazi aliyopewa mwaka 1954 haikuwa ya kitoto. Korea Kusini ilikuwa imeing'oa Japani kwenye kufuzu Kombe la Dunia kwa kushinda 5-1 na kutoka sare 2-2, mechi zote zikichezwa Tokyo kwa sababu Rais Syngman Rhee hakutaka Wajapani wakanyage Korea. Kim akakabidhiwa timu kwenda nayo Uswisi. Vita ya Korea ilikuwa imesimama mwaka mmoja kasoro, miji ikiwa magofu.

Timu ilifika Zürich ikiwa imebaki chini ya siku moja kabla ya mechi, miili imekufa kwa safari. Na mpinzani hakuwa wa kuonewa huruma naye: Hungary ya Ferenc Puskas na Sandor Kocsis, bingwa wa Olimpiki, iliyokuwa imetoka kuwachapa England 6-3 Wembley na 7-1 Budapest. Juni 17 Korea ikala 9-0. Wachezaji walikuwa wanaanguka kwa kukamatwa na misuli, na enzi hizo hakuna kubadilisha mchezaji. Kisha Uturuki ikaongeza 7-0. Mechi mbili, mabao 16, bao la kufunga hakuna. Wakarudi nyumbani, na Korea Kusini ikakaa miaka 32 bila kuliona tena Kombe la Dunia.

Mwingine angeishia hapo. Kim aliendelea na mpira, akifundisha na pia kushika filimbi ya uamuzi. Kwa miaka yote hiyo soka la Korea liliendeshwa na timu za mabenki, makampuni na jeshi. Mchezaji ni mwajiriwa kwanza, mpira baadaye.

Desemba 1980 ndipo ilipozaliwa Hallelujah, ikiasisiwa na tajiri Choi Soon-young, ambaye pia alikuwa rais wa chama cha soka. Ilikuwa klabu ya Wakristo, na wachezaji wake walikuwa wanalipwa kwa kucheza mpira tu. Mmoja wa nyota wake, Lee Young-moo, alikuwa maarufu kwa kupiga magoti na kuomba akifunga. Benchini akawekwa mtoto wa mchungaji kutoka Sincheon.

Kim hakukaa muda mrefu, lakini msingi ulishawekwa. Mei 8, 1983 ligi ya kulipwa ilianza Seoul kwenye uwanja wa Dongdaemun. Timu zilikuwa tano, na za kulipwa ni mbili tu, Hallelujah na Yukong. Zilifungua dimba kwa sare ya 1-1. Park Yoon-ki wa Yukong alifunga bao la kwanza la ligi, Park Chang-sun akaisawazishia Hallelujah. Msimu ulipoisha, Hallelujah chini ya kocha Ham Heung-chul ilikuwa bingwa kwa pointi 20, moja tu zaidi ya Daewoo. Mzee aliushuhudia ubingwa huo akiwa hai.

Alifariki Machi 8, 1985. Mwaka huohuo ulipomalizika, Hallelujah ikajitoa kwenye ligi na kurudi ridhaa. Jina lilifufuliwa baadaye, likahamahama miji hadi Ansan na Goyang, na mwaka 2016 klabu iliyotokana nalo ikavunjwa. Yukong leo iko Jeju, Daewoo imekuwa Busan IPark, na POSCO, iliyokuwemo pia mwaka ule wa kwanza, ni Pohang Steelers. Bingwa wa kwanza ndiye hayupo.

Novemba 1985, miezi minane baada ya mazishi ya Kim, Korea Kusini iliitoa Japani na kufuzu fainali za Mexico. Juni 2, 1986 ikacheza na Argentina ya Diego Maradona na kufungwa 3-1. Lakini lile moja lilikuwa bao la kwanza la Korea kwenye Kombe la Dunia, shuti kali la mbali. Mfungaji ni Park Chang-sun, yuleyule aliyesawazisha siku ligi inafunguliwa akiwa na jezi ya Hallelujah.

Mwaka 2005 chama cha soka cha Korea Kusini kilipoanzisha ukumbi wa heshima, Kim Yong-sik alikuwa miongoni mwa saba wa kwanza kuingizwa. Mwaka 2016 Japani nayo ikakiingiza kikosi chake cha Berlin kwenye ukumbi wake. Kwenye orodha ya kikosi kile, Mkorea ni mmoja.