Walter Rodney: Profesa aliyeandikwa hana kazi

Mfanyabiashara wa mpakani anajua uchungu wa kurudishwa na mzigo wako huku karatasi zote ziko sawa. Walter Rodney alirudishwa akiwa bado ndani ya ndege. Oktoba 1968 alikuwa mhadhiri wa historia Jamaica. Alipotoka mkutanoni Canada, serikali ilimzuia kushuka. Mwaka uliofuata akaja Dar es Salaam, alikokuwa amefundisha awali, na huko akaandika kitabu cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Wengi wetu tunamjua kwa kitabu hicho tu.

Mwaka 1974 mtoto huyu wa fundi cherehani alirudi kwao Guyana na mkewe Patricia na watoto wao watatu. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemteua kuwa profesa wa historia. Serikali ya Forbes Burnham ikaingilia kati, uteuzi ukafutwa. Nchi yenyewe ndiyo hiyo ambayo boksiti na sukari vilikuwa vikiingia mikononi mwa serikali. Ukikataliwa na serikali, utabisha hodi kwa nani?

Vyuo vya nje vilimtaka. Alikwenda kufundisha kwa muda mfupi mfupi, kama Hamburg mwaka 1978, kisha akarudi nyumbani na alichopata. Familia iliishi kwa kipato hicho cha kuokoteza, naye akaendelea kuchambua nyaraka za kale.

Kitabu alichokuwa akiandika kinahusu wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905. Mwingine angeanza na magavana. Rodney alianza na tope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari wakati maji yanapojaa, kwa hiyo kila maili moja ya mraba ya miwa ilihitaji maili 49 za mitaro ya kutoa maji, na maili 16 nyingine za mifereji ya usafiri na umwagiliaji. Watumwa kutoka Afrika walihamisha udongo mzito wa tani zisizopungua milioni 100, kwa sepetu. Baada ya utumwa kukoma, Wahindi waliletwa kwa mikataba kukata miwa ileile. Rodney aliwaweka wote katika historia moja, wakati siasa za nchi ziliwagawa kwa rangi. Hapo ndipo kitabu kilipouma.

Julai 1979 alikamatwa, akashtakiwa kwa kuchoma ofisi za serikali. Kati ya mahakama na mikutano ya chama chake cha Working People's Alliance, bado aliandika, hata kitabu cha watoto. Mwaka 1980 alitoroka kwenda kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Angeweza kubaki Afrika. Akarudi.

Usiku wa 13 Juni 1980, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lililipuka akiwa garini Georgetown. Alikuwa na miaka 38. Kaka yake Donald, aliyekuwa naye, alijeruhiwa.

Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1981, na mwaka uliofuata chama cha wanahistoria wa huko kikakipa Tuzo ya Albert J. Beveridge. Lakini kwenye cheti cha kifo, mahali pa kazi, paliandikwa kwamba Rodney hakuwa na ajira. Ilipofika 2021 serikali ya Guyana ikatangaza kwamba cheti kitarekebishwa, na neno litakaloingia hapo ni profesa.