Mzee wa Kioo: Maisha ya Manuel García, Mwalimu wa Waimbaji

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka waanzilishi wa kwaya yetu na wenzetu waliokwisha kulala. Kamati ya Jubilei ilituomba tuandike pia jambo kuhusu koo, kwa sababu hakuna jioni ya mazoezi inayopita bila mwimbaji mmoja kuja na sauti iliyokwama. Ushauri wa tangawizi na asali mnaujua kutushinda. Tumeona ni afadhali tusimulie maisha ya mtu aliyepoteza sauti yake akiwa kijana, akatumia miaka yote iliyobaki kutafuta kilichokuwa kooni.

Manuel García alizaliwa Hispania tarehe 17 Machi 1805, katika nyumba ya waimbaji. Baba yake, aliyeitwa jina hilo hilo, alikuwa mwimbaji wa sauti ya tena aliyejulikana kote Ulaya, na mwalimu mkali kwa wanawe. Dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walikuja kuwa na sifa kubwa kuliko kaka yao. Mwaka 1825 familia ilivuka bahari hadi New York, ikawaimbia watu wa huko opera ya Kiitaliano. Manuel akiwa na miaka 20 alipewa nafasi ya Figaro katika kazi ya Rossini. Kutoka hapo walikwenda Meksiko, ambako walipokuwa wakirudi pwani majambazi waliwanyang'anya mapato yao.

Tunadhani wazee wa siku hizo hawakujua kupumzisha watoto. Kijana huyu aliimbishwa mno kabla koo halijakomaa, na kabla ya kutimiza miaka 25 sauti ilikuwa imeharibika. Akaacha jukwaa. Mwaka 1830 aliandamana na jeshi la Ufaransa lililokwenda Algiers, na aliporudi akafanya kazi katika hospitali za kijeshi, akijifunza jinsi koo lilivyoumbwa. Mwimbaji aliyenyamazishwa alikuwa sasa akitazama chombo kile kile kilichomwangusha.

Tueleze kidogo chombo chenyewe. Zile tunazoziita nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya nyama laini ndani ya kongomeo, yenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi kwa mwanamke na mbili hivi kwa mwanamume. Jina la nyuzi alilitoa daktari Mfaransa, Antoine Ferrein, mwaka 1741. Yeye alipuliza hewa katika makoo ya maiti na ya wanyama, akalinganisha mikunjo hiyo na nyuzi za fidla, na pumzi na upinde wake. Karibu miaka mia moja baadaye, Johannes Müller wa Berlin alitundika vipande vya uzani kwenye makoo ya maiti ili avute nyuzi kwa nguvu anayoijua, kisha akapuliza na kusikiliza. Uzani ulipoongezeka, sauti ilipanda. Huo ulikuwa mwanzo wa kupima unyumbufu wa nyuzi hizi, yaani namna zinavyovutika na kurudi mahali pake. Wapimaji wa siku zetu wameona kwamba mwanzoni nyama hiyo hukubali kuvutwa kwa urahisi, lakini ikizidi kuvutwa hukaza upesi sana. Wanasoprano wetu wanaijua habari hiyo bila kipimo chochote. Wakiimba ile la inayotumiwa kupatanisha vinanda, nyuzi zao hugongana mara 440 kwa sekunde moja.

Lakini hayo yote yalipimwa kwa wafu. Koo la mtu aliye hai, akiwa anaimba, hakuna aliyekuwa ameliona vizuri. García alikuwa tayari mwalimu mashuhuri, kwanza Paris, kisha London kuanzia mwaka 1848. Jenny Lind wa Sweden alimjia mwaka 1841 akiwa na miaka 20 na sauti iliyochakaa. Mwalimu alikataa kumfundisha. Alimwagiza apumzike kwa majuma sita, bila kuimba na bila kuongea ila kwa lazima, ndipo arudi. Alirudi, akafundishwa, na baadaye dunia ikamjua. Tukisoma habari hiyo tunamwona yule kijana wa New York ambaye hakuna aliyempa majuma sita.

Mwezi Septemba 1854, akitembea Paris kwenye uwanja wa Palais Royal, aliona jua likimetameta kwenye vioo vya madirisha. Papo hapo akafikiria vioo viwili. Alikwenda kwa fundi wa vyombo vya udaktari, akanunua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, kwa faranga 6. Akakipasha kwa maji moto kisifanye ukungu, akakikausha, akakiegemeza kwenye kimio. Kwa kioo cha mkononi akaelekeza jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe, wazi mbele yake, zikifunguka kwa pumzi na kukutana kwa sauti. Sauti ile iliyoharibika ndiyo ya kwanza aliyoitazama.

Habari zake zilisomwa mbele ya Royal Society ya London mwaka 1855. Hazikushangiliwa sana. Madaktari Türck na Czermak ndio waliokichukua kioo hicho na kukitumia kwa wagonjwa, kisha wakagombana nani alitangulia. García hakuacha kufundisha. Alidumu Royal Academy of Music hadi mwaka 1895, akiwa na miaka 90.

Tarehe 17 Machi 1905 alitimiza miaka 100, na jiji la London likamfanyia sherehe. Mfalme Edward VII alimpokea na kumpa nishani, Mfalme wa Hispania na Kaisari wa Ujerumani nao wakamtunuku, na madaktari wa koo wakaja kumpongeza mtu asiyekuwa daktari. Mchoraji John Singer Sargent alimchora. Alifariki mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1906, akiwa na miaka 101. Kioo chenye mpini mrefu bado kimo kwenye trei za madaktari wa koo, na bado hupashwa moto kabla ya kuingizwa kinywani.